Balbu Nyeupe Si Dawa ya Gari la Zamani

Mwenye gari la zamani hapa Bujumbura, liwe Peugeot 504, Mercedes ya miaka ya 1970, Volkswagen ile ya mviringo au Land Cruiser iliyompita umri anayeiendesha, akilalamika kwamba usiku haoni vizuri hupewa ushauri mmoja tu. Huupata kwa jirani wa Kinindo, huupata kwa muuza vipuri wa Buyenzi, huupata kwa dereva yeyote atakayekaa naye kwenye foleni ya mafuta: taa za zamani ni dhaifu tangu kiwandani, ng'oa balbu zake, tia za LED, kazi imekwisha. Ushauri huu umeota mizizi kiasi kwamba anayeupinga huonekana anapenda kutu kuliko usalama wake. Nami naupinga wote, na usalama ndio unaonifanya niupinge.

Gari la zamani lisiloonyesha njia usiku halikupungukiwa ukali wa balbu. Limepungukiwa mambo mawili: umeme unaofika kwenye taa, na mwanga unaoangukia pale panapotakiwa. Balbu ya LED iliyochomekwa ndani ya taa iliyobuniwa kwa balbu ya uzi hailiponyi la kwanza, na la pili inalizidisha. Mwenye gari anaridhika, na anayekuja mbele yake anapofuka.

Jambo hili si la wapenda magari peke yao. Tuko digrii tatu na kidogo kusini mwa ikweta, na jua letu huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Hatuna miezi ya jioni ndefu kama Ulaya, ambako mtu anaweza kupita kiangazi kizima bila kuwasha taa akirudi kazini. Hapa giza linaingia saa ileile watu wanapotoka kazini. Kinindo ni mtaa wa nyumba zenye bustani na kuta ndefu, na wanaofanya kazi ndani ya kuta hizo, wapishi, walinzi, waashi, wauza maduka, wengi wao hawalali hapa. Jioni wanapanda kuelekea Musaga au wanashuka kuelekea Kanyosha, na tangu mafuta yalipoadimika mabasi nayo yakapungua, wanaotembea kwa miguu wameongezeka. Wanatembea ukingoni kwa sababu hakuna njia yao. Umeme wa Regideso ukikatika, barabara nzima inabaki na mwanga wa magari tu. Ukishika barabara ya taifa namba 3 kuelekea Rumonge unakutana na baiskeli zilizobeba madumu ya mawese, nyuma hazina hata kipande cha kioo cha kuakisi. Na tangu Ziwa Tanganyika lilipopanda likaingia kwenye mitaa ya ufukweni, kiboko anayevuka barabara usiku si hadithi ya kuwachekesha wageni. Ngozi yake ya kijivu iliyolowa maji hairudishi mwanga unaoweza kukutahadharisha mapema.

Kwa hiyo swali la taa ni swali la nani atafika nyumbani, na linastahili jibu bora kuliko lile la "tia LED".

Nianze na kosa linalozaa mengine yote, kosa la kudhani kwamba mwanga mwingi na kuona vizuri ni kitu kimoja. Dereva aliyebadilisha balbu anawasha taa uani kwake, anaona ukuta umekuwa mweupe pe, anaingia barabarani, anaona lami iliyo mbele ya bampa inang'aa kuliko alivyowahi kuiona, na anasema: sasa naona. Anachoona ni lami iliyo mita 10 au 15 mbele yake. Hebu tupige hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari linapita karibu mita 17 kila sekunde. Mtu mwenye akili timamu, asiyechoka, anahitaji sekunde moja na nusu hivi kuona, kuelewa na kukanyaga breki. Hapo mita 25 zimekwisha kabla gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Breki nzuri kwenye lami kavu zinaongeza mita nyingine 20 na zaidi. Jumla inakaribia mita 50. Kwa kilomita 80 kwa saa inavuka 70, na breki za gari la mwaka 1975, hasa zile za ngoma kwa nyuma, si za kutegemea zifanye muujiza. Kitu kilicho mita 15 mbele ya bampa, kama hujakiona bado, umeshakigonga. Mwanga uliomwagwa pale haukuokoi na chochote.

Ubaya wake zaidi ni kwamba unakudhuru. Jicho hujipima kwa kile kinachong'aa zaidi mbele yake. Lami ya karibu ikiwa nyeupe sana, mboni inasinyaa, na huko mbali, kwenye mita 50 na 60 ambako mama mwenye kitenge cheusi anatembea, panakuwa giza zaidi kuliko palivyokuwa na taa za zamani. Dereva ameongeza mwanga na amepunguza kuona, kisha hajui, kwa sababu kitu usichokiona hakikuambii kwamba hukukiona.

Sasa kwa nini balbu ya LED inamwaga mwanga karibu na pembeni badala ya kuutuma mbali? Waungaji mkono wake hawapendi kuingia hapa, nami nitaingia taratibu. Taa ya gari ina vitu vitatu: balbu, bakuli linalong'aa nyuma yake, na kioo cha mbele chenye mistari. Bakuli na kioo vilichorwa kwa hesabu kuzunguka mahali pamoja padogo sana, pale uzi wa balbu unapowaka. Balbu ya H4, iliyoingia kwenye magari mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambayo bado imo kwenye magari mengi ya zamani hapa mjini, ina nyuzi mbili. Mmoja ni wa taa za juu. Wa pili, wa taa za chini, umekaa juu ya kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya bakuli, kwa sababu mwanga ukigonga nusu ile ungerudi juu, machoni mwa watu. Kikombe hicho ndicho kinachochora ule mpaka mkali unaouona ukutani, chini kukiwa na mwanga na juu kukiwa na giza. Uzi ukisogea milimita moja tu kutoka mahali pake, mpaka unavurugika.

Balbu ya LED haina uzi. Ina vipande vidogo bapa vilivyobandikwa kwenye pande mbili za ubao mwembamba wa chuma, vinavyorusha mwanga kushoto na kulia zaidi kuliko kuzunguka pande zote. Bakuli linapokea mwanga kutoka mahali lisipoutarajia na linaurudisha mahali ambapo mchoraji wake hakuutaka: karibu mno, pembeni mno, na juu mno. Hakuna ufundi wa muuzaji unaoweza kulibembeleza bakuli la mwaka 1978 lijifunze hesabu mpya. Ujerumani, nchi ya magari kama ilivyo, ilipoanza mwaka 2020 kukubali balbu za LED za kubadilishia, haikufungua mlango wazi. Ilikubali balbu maalumu kwenye gari maalumu, baada ya mchanganyiko ule kupimwa na kuthibitishwa kwamba haupofushi. Balbu zinazouzwa kwetu kwenye boksi lenye picha ya mwali wa bluu hazikupimwa kwenye gari lolote kati ya yale tunayoendesha.

Na rangi yenyewe? Balbu ya uzi ina mwanga wa kelvini 3,200 hivi, wa manjano kidogo. LED hizi hujisifu kwa 6,000 na zaidi, na wanunuzi wetu huchagua kwa namba kubwa kama vile wanachagua nguvu. Mwanga wenye bluu nyingi hutawanyika zaidi ndani ya jicho, na kadiri mtu anavyozeeka na lenzi ya jicho lake kuingia ukungu, ndivyo unavyomuumiza. Mvua ikinyesha, unarudi kutoka kwenye matone na kwenye lami iliyolowa. Waliopanda kwenda Bugarama alfajiri, ukungu ukiwa umeshuka hadi barabarani, wanajua ukuta mweupe unaosimama mbele ya taa za namna hiyo. Ufaransa iliwalazimisha madereva wake kutumia taa za njano tangu mwaka 1936 hadi 1993. Sisemi turudi huko, nasema tu kwamba weupe haujawahi kuwa kipimo cha taa nzuri.

Nageukia waya, na hapa nitakaa, maana ndipo gari la zamani linapoonewa.

Gari linapotoka kiwandani mwaka 1972, umeme wa taa za mbele hautoki kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye taa. Unatoka kwenye betri, unaingia ndani ya gari, unapita kwenye swichi ya dashibodi, unakwenda kwenye kile kijiti cha usukani kinachochagua taa za juu au za chini, unapita kwenye fyuzi, kisha ndiyo unarudi mbele kwenye taa. Ni mita nyingi za waya mwembamba, na kila kiungo kimekula miaka 50 ya joto, vumbi na unyevu wa ziwani. Balbu mbili za wati 60 zinataka karibu ampea 10. Kuzipitisha ampea 10 kwenye njia ile ni sawa na kuwagawia maji watu wa nyumba kumi kwa mpira mmoja uliojaa mikunjo.

Matokeo yake yanapimika. Injini ikinguruma, betri ina volti 13.5 au zaidi. Pima kwenye tundu la balbu, taa zikiwa zimewaka, na katika gari la zamani ambalo halijaguswa hutashangaa kukuta 12 au 11.5. Mtu atasema volti mbili ni kitu gani. Lakini mwanga wa balbu ya uzi haupungui kwa kiwango kilekile cha umeme. Unapungua kwa kasi zaidi, karibu na umeme uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu na nusu. Volti zikishuka kutoka 13.5 hadi 12, theluthi moja ya mwanga imepotea. Zikishuka hadi 11.5, kilichopotea ni asilimia 40 na kitu. Zikipungua kwa moja ya tano, umebaki na chini ya nusu ya mwanga ulioulipia. Na mwanga huo uliobaki ni mwekundu na wa kusikitisha, na ndio unaomfanya mwenye gari aamini kwamba taa zake zimezeeka. Hazikuzeeka. Zinakufa njaa.

Dawa yake inajulikana na fundi umeme yeyote mzuri wa Buyenzi anaiweza kwa mchana mmoja: rilei mbili, moja ya taa za juu na moja ya taa za chini, zifungwe mbele karibu na betri, waya mnene, wa milimita za mraba 2.5 au zaidi, utoke kwenye betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri yenyewe hadi kwenye taa. Na waya wa kurudisha, ule wa bodi, usafishwe kutu na ukazwe kwenye chuma kitupu. Swichi ya zamani inabaki ikifanya kazi ndogo tu ya kuiamrisha rilei, na inapumua. Hakuna kilichoonekana kubadilika kwenye gari, hakuna lenzi iliyoguswa, na taa zilezile, kwa balbu zilezile za H4, zinafanya kazi waliyozibunia watu wa kiwandani. Volkswagen za kabla ya mwaka 1967, zenye umeme wa volti 6, ndizo zinazohitaji kazi hii kuliko zote, kwa sababu kwa wati zilezile zinavuta ampea maradufu, na kila tone la volti linalopotea njiani linauma mara mbili.

Wapo wasiotaka LED lakini wanafuata njia nyingine ya mkato, balbu za uzi za wati 100. Sina maneno mengi kwao. Ukipitisha umeme zaidi kwenye njia ileile iliyoziba, unachopata ni waya wa moto na swichi iliyoyeyuka. Bakuli nalo linaungua, na bakuli ndilo kitu kisichopatikana kirahisi. Na mkilisafisha bakuli, tafadhali, msilisugue kwa dawa ya meno. Dawa ya meno inaweza kusaidia kwa muda kwenye plastiki ya nje ya gari la kisasa iliyofifia. Kwenye bakuli inakwangua ule utando mwembamba wa kung'aa na taa imekwisha kabisa.

Nimefika kwenye jambo ambalo ni letu hasa, na ambalo katika mabishano yote ya taa niliyowahi kuyasikia mjini hapa halitajwi. Burundi tunapita kulia. Tanzania, Kenya na Uganda wanapita kushoto. Magari yetu mengi yanatoka Japani, ambako pia wanapita kushoto, yanashushwa Dar es Salaam, yanakuja hadi kwetu yakiwa na usukani upande wa kulia. Tumeyazoea kiasi kwamba hatuyaoni tena. Kila mtu anajua tabu ya usukani: ukitaka kulipita lori lazima abiria akuchungulie. Lakini tabu ya taa ni kubwa kuliko hiyo, na inatokea kila usiku, kila mnapopishana.

Taa za chini hazirushi mwanga sawasawa kulia na kushoto. Kwa nchi inayopita kulia, mpaka wa mwanga umelala chini upande wa kushoto, ili anayekuja asipofuke, kisha unapanda kwa mteremko wa digrii 15 upande wa kulia, ili ukingo wa barabara uonekane mbali. Mchoro huu umekuwa kawaida ya Ulaya tangu miaka ya 1950. Kwa nchi inayopita kushoto, mchoro unageuzwa. Sasa lichukue gari lililochorewa barabara za Japani ulilete kwenye Avenue du Large. Ile sehemu inayopanda, iliyokusudiwa kumulika ukingo, inaingia moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Na ukingo wa kulia, pale watu wa Musaga na Kanyosha wanapotembea, ndiko mwanga ulikolala chini. Taa inampofusha dereva wa mbele na kumficha mwenda kwa miguu wa pembeni, zote mbili kwa wakati mmoja, hata ikiwa mpya, hata ikiwa imepimwa vizuri. Ukiongeza ukali wa balbu humo, umeongeza upofu. Rwanda, inayopita kulia kama sisi, iliamua mwaka 2005 kuzuia magari ya usukani wa kulia yasiingizwe nchini. Sisi tumechagua kuyapokea, na kwa pochi zetu naelewa kwa nini, lakini kuyapokea kunatudai tushughulikie taa zake.

Kujua taa yako ni ya upande gani hakuhitaji mtaalamu. Simama mbele ya gari ukitazama kioo cha taa. Taa zilizothibitishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa zina herufi E na namba ndani ya duara, E1 kwa Ujerumani, E2 kwa Ufaransa, E6 kwa Ubelgiji. Ukiona karibu yake mshale unaoelekea kulia kwako, taa hiyo ni ya nchi zinazopita kushoto. Mshale wenye vichwa viwili ni wa taa inayoweza kurekebishwa kwa pande zote mbili. Pasipo na mshale, ni ya kupita kulia, yaani ni yetu. Gari la Japani la zamani laweza kukosa alama hizi zote. Basi lielekeze ukutani usiku na uangalie mwanga unapanda upande gani.

Hapa ndipo maoni yaliyozoeleka yanapoanguka kifudifudi. Ile Peugeot 504 au Mercedes ya zamani yenye usukani wa kushoto, iliyokuja kutoka Ulaya, ambayo kila mtu anamwambia mwenyewe kwamba taa zake hazifai, ndiyo yenye lenzi sahihi kwa barabara ya Burundi. Gari jipya zaidi linalompita kwa kiburi cha LED ndilo lenye lenzi ya nchi nyingine. Mwenye lile la zamani anacho kitu ambacho majirani zake hawana, na anashauriwa akiharibu kwa balbu isiyolingana nacho.

Na wale wenye magari ya zamani ya Japani na Uingereza ya usukani wa kulia, Land Cruiser za namba 40, Land Rover, Datsun za taa za duara, nao wana bahati wasiyoijua. Taa ya duara ya inchi 7, milimita 178, ilikuwa kipimo cha dunia nzima kwa miongo mingi. Iliingia kwenye aina nyingi za magari, na hadi leo watengenezaji kama Hella na Cibié wana taa kamili za kipimo hicho, zenye bakuli jipya, kioo cha kweli, tundu la H4, na mchoro wa kupita kulia. Unaing'oa ile ya zamani, hasa kama ni ile iliyozibwa kabisa isiyobadilishwa balbu, unafunga mpya, na gari lako sasa ni la nchi hii. Mwenye Vitz au Probox hana njia hiyo, kwa sababu taa yake ni plastiki moja iliyoumbwa kwa gari lile tu. Gari la zamani, kwa jambo hili, linatibika kwa urahisi kuliko jipya.

Najua majibu yatakayokuja. Kwanza wataniambia: wenzangu wote wanazo, nami nisipokuwa nazo nitapofushwa bila kulipiza. Lakini mnapopishana nyote wawili mna LED, hakuna anayeona. Jicho lililopigwa na mwanga ule linahitaji sekunde kadhaa kurudi, la mzee zaidi ya la kijana, na kila sekunde ni mita 17 mlizoendesha kwa kubahatisha, kila mmoja akiwa na ukingo wenye watu upande wake. Taa ya dereva mwenzako si adui wa kushindana naye.

Wengine watasema LED zinavuta umeme kidogo, na dainamo ya gari la zamani haina nguvu. Hili ni jibu la kweli na nalikubali. Gari lenye dainamo ya zamani, likisimama kwenye makutano injini ikiwa chini, kweli linapungukiwa. Kwa gari hilo njia ya haki ipo: taa kamili ya LED ya duara, iliyobuniwa tangu mwanzo kuwa taa ya LED, na lenzi yake yenyewe, na alama ya E, na mchoro wa kupita kulia. Taa kama hizo zipo na zilizo nzuri ni nzuri kweli. Ninachokipinga ni ile balbu tupu inayochomekwa ndani ya nyumba isiyo yake, na zile taa za duara za bei poa zisizo na alama yoyote, zilizopambwa kwa pete ya mwanga kuzunguka.

Wapo pia wanaosema gari la kale lisiguswe chochote, libaki kama lilivyotoka kiwandani. Hao nawaheshimu, lakini gari lao linapita barabara moja na watoto wetu. Rilei haionekani, na siku ya maonyesho hakuna atakayeipunguzia alama.

Yote haya, waya, bakuli, lenzi, yanaweza kuharibiwa na skrubu mbili. Taa isiyopimwa haijafungwa. Weka gari kwenye ardhi tambarare, mita 10 kutoka ukutani, magurudumu yakiwa na upepo wake, mtu mmoja akiwa amekaa kwenye usukani. Pima kimo cha kitovu cha taa kutoka ardhini, weka alama ukutani kwa kimo hicho, kisha shuka sentimita 10. Mpaka wa mwanga wa taa za chini ulale hapo, na sehemu inayopanda ianze mbele ya kila taa ikielekea kulia. Fundi anayekufungia balbu mpya bila kukupeleka ukutani hajamaliza kazi, na usimlipe kama aliyemaliza. Gari la zamani lenye springi zilizolegea nyuma, ukilijazia watu na mizigo ya kwenda Rumonge, linainua pua na taa zake zinatazama mawinguni. Hilo nalo lipimwe likiwa na mzigo wake wa kawaida.

Ukaguzi wa magari uliopo sasa unaweza kufanya kazi hii kwa kila gari. Kuangalia kama taa zinawaka hakutoshi. Gari liwashiwe taa za chini mbele ya ukuta wenye mistari, au mbele ya kipima taa ambacho gereji nyingi za Ulaya zinacho, na mwanga ukipanda kushoto lirudishwe. Wenye magari watalalamika mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili maduka ya Buyenzi yatakuwa yameshaleta taa za kupita kulia, kwa sababu muuzaji huleta kinachotakiwa. Kwa sasa ukiingia kuuliza utaonyeshwa kwanza ukuta wa maboksi ya LED, na lenzi ya upande wetu utaambiwa iagizwe. Basi tuziagize. Tuingie dukani tukiuliza taa ya duara ya milimita 178 isiyo na mshale, rilei mbili, fyuzi na mita chache za waya mnene, tulipe, tuzifunge, na boksi la picha ya mwali wa bluu tuliache pale pale rafuni.